Zege la mikrosilika likikataa, fuata maji

Ukinipigia simu kwamba zege lako la mikrosilika, ule unga laini sana unaochanganywa na saruji, limeharibika, sitakuuliza umenunua unga wa nani. Nitakuuliza maji yako wapi: yaliingia kiasi gani, yalitoka lini, yalipitia wapi. Katika miaka niliyosimamia mijengo hapa Nairobi, kuanzia maghala ya Industrial Area hadi maegesho ya chini ya ardhi kule Upper Hill, karibu kila lawama niliyosikia ikitupiwa unga huu imeishia kwenye maji. Ama yameongezwa kwa siri, ama yamekosekana mahali ambapo fundi amezoea kuyaona.

Unga wenyewe hunaswa kutoka kwenye moshi wa tanuri za umeme zinazotengeneza silikoni na ferosilikoni. Wanorwe walianza kuujaribu ndani ya zege mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chembe zake ni ndogo takribani mara mia kuliko za saruji, kwa hiyo hujaza nafasi ambazo saruji haifiki, kisha hushikana na chokaa ambayo saruji huiacha ikilowana na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Hayo ndiyo manufaa yake. Gharama yake iko hapa: gramu moja ya unga huu ina eneo la mita za mraba 15 hadi 30. Gramu moja tu, na tayari una sakafu ya bedsita ya Kasarani ya kulowesha. Sasa fikiria mfuko wa kilo 25.

Kabla ya kutafuta kisa, kumbuka dalili ilionekana saa ngapi. Tatizo la kwenye mikisa, la kwenye mwiko, la kesho yake asubuhi na la siku ya 28 kwenye maabara hazina mama mmoja, hata kama zote zinaitwa "zege limekataa".

Zege linakauka likiwa bado kwenye mikisa

Kibarua wa mikisa anapiga kelele, "Mkubwa, leta maji, hii imeshakuwa ugali!" Ukimpa, umeuza nguvu uliyoinunua kwa bei ghali.

Kisa cha kawaida ni kwamba dawa ya kulainisha zege haikuwekwa, au iliwekwa kwa kipimo cha zege la kawaida. Mikrosilika bila dawa ni harusi bila bwana harusi. Soma chupa uone kipimo, lakini kipige kwa uzito wa saruji na mikrosilika zikiwa pamoja. Mimina dawa mwishoni, pamoja na maji ya mwisho, si juu ya unga mkavu, maana unga utainywa yote kabla haijafika kwenye saruji. Zege likiwa gumu, ongeza dawa kidogo kidogo na uzungushe dakika mbili kabla ya kuhukumu. Dawa haifanyi kazi papo hapo, na wengi huiongeza mara tatu kwa pupa, kisha wanashangaa zege linatiririka kama uji na kokoto zimelala chini.

Kisa cha pili ni unga uliozidi. Hapa wa kulaumiwa ni gorogoro. Gorogoro ni chombo cha kupimia mahindi, na kwa mahindi sina ugomvi nayo. Lakini mikrosilika huuzwa kwa namna mbili: iliyoshindiliwa, ambayo lita moja ina uzito wa kati ya nusu kilo na robo tatu hivi, na isiyoshindiliwa, ambayo lita moja inaweza isifike hata gramu 300. Ndoo ileile inaweza kukupa mara mbili au tatu ya ulichokusudia. Pima kwa mizani. Kwa kazi nyingi tunazofanya hapa, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa saruji inatosha. Mfuko wa kilo 25 kwa mifuko sita ya saruji ya kilo 50 unakupa asilimia 8 na kidogo, na hesabu hiyo hata kibarua wa siku ya kwanza haisahau.

Kisa cha tatu ni mchanga. Mchanga wa mto unaoletwa kutoka Machakos na Kajiado mara nyingi huja na udongo, na vumbi la kware, yaani machimbo ya mawe, nalo lina unga wake mwingi. Vyote hunywa maji na dawa. Tia mchanga kwenye chupa ya plastiki hadi nusu, jaza maji, tikisa, iache usiku kucha. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga asubuhi, usiilaumu mikrosilika.

Ikiwa ni masika, kisa hugeuka. Kilo 80 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 tayari zimekuletea lita 4 za maji. Mchanganyiko wa mfuko mmoja wa saruji na kilo 4 za mikrosilika, ukitaka uwiano wa 0.45 (uzito wa maji kwa uzito wa saruji na mikrosilika), unahitaji lita 24 tu kwa jumla. Toa zile 4 za kwenye mchanga ubaki na 20. Asiyetoa hujikuta na zege rojorojo, na anafurahi kwa sababu linamwagika kirahisi.

Jambo moja linalodanganya hata mainjinia vijana: zege la mikrosilika hunata. Ukipima slampu, yaani jinsi zege bichi linavyoshuka likivuliwa kopo la kupimia, ukapata milimita 100, mkononi litaonekana kama la 50 au 60. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Panga slampu iwe juu kwa milimita 40 hadi 50 kuliko uliyozoea kwa kazi hiyohiyo, na uipate kwa dawa. Kisha lipige vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, sawasawa. Kwa sababu linanata, hewa haitoki yenyewe.

Vidonge vya kijivu

Umebomoa fomu (mbao zinazoshikilia zege), au umekata kyubu (mchemraba wa zege wa kupimwa nguvu maabara), ukaona vidoa vya kijivu vya ukubwa wa punje ya dengu. Vikwaruze kwa msumari. Vikiwa laini kama chaki, hiyo ni mikrosilika iliyoshindiliwa ambayo haikutawanyika. Haijajaza nafasi yoyote. Imekaa pale kama jiwe bovu.

Mikisa ndogo ya mafuta ya petroli, ile inayovutwa nyuma ya pikapu, haina nguvu ya kuivunja ikiwa imeingia baada ya kila kitu. Acha kokoto zikusagie. Tia kokoto na kama robo tatu ya maji, nyunyiza mikrosilika polepole huku ngoma ikizunguka, ipe dakika moja na nusu, ndipo saruji iingie, dakika nyingine moja na nusu, kisha mchanga na maji yaliyobaki pamoja na dawa. Baada ya hapo zungusha dakika tano kamili. Najua dakika tano kwenye mjengo ni kama saa nzima, na wenye wilbaro watakuwa wamepanga foleni wakikutazama. Waache wapange.

Mfuko wa karatasi usiutupe mzima ndani ya ngoma hata ukiambiwa unayeyuka. Kwa kokoto ndogo hauyeyuki. Nimewahi kuchomoa kipande cha karatasi chenye maandishi yote kwenye ukuta wa tanki.

Kwa plasta na mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) hakuna kokoto ya kusaga. Koroga unga kwanza kwenye ndoo ukiwa na maji na dawa, kwa drili yenye pangaboi, mpaka uwe uji usio na punje, kisha ndio uupeleke kwenye saruji na mchanga. Kuchanganya kwa koleo juu ya sakafu? Kwa mikrosilika, sahau.

Uso unashika mwiko, chini bado ni laini

Zege la kawaida hutoa jasho. Maji hupanda juu, uso unang'aa, fundi anakaa pembeni anavuta muda, na mng'ao ukikauka anaanza kusugua. Alama hiyo ameitumia maisha yake yote. Zege la mikrosilika halitoi jasho, au hutoa kidogo sana usione, kwa sababu zile chembe zimeziba njia na kuyashika maji. Fundi anangoja mng'ao ambao hauji. Wakati anangoja, upepo unakausha ngozi ya juu. Akija na mwiko wa chuma, uso unavutika na kuchanika kama ngozi ya maziwa, na chini yake bado ni laini.

Hapo ndipo anachukua brashi, ananyunyizia maji, anatupa saruji kavu juu na kupiga niru, yaani ngozi laini ya saruji tupu. Siku hiyo uso unapendeza. Baada ya miezi miwili ya magurudumu ya kubeba mizigo, unachubuka na kutoa vumbi, na mwenye ghala anauliza kwa nini alilipia mikrosilika.

Dawa yake ni kutongoja. Mwaga, sawazisha, malizia, funika, kwa mfululizo mmoja, sehemu ndogo kwa ndogo. Kama sakafu lazima isuguliwe kwa mashine baadaye, linda uso kwa ukungu wa maji katikati ya hatua hizo. Nasema ukungu: pampu ya kupulizia mimea yenye tundu jembamba, ikielekezwa hewani juu ya zege. Maji yanayoonekana yakitiririka ni mengi mno.

Nyufa kabla ya saa kumi jioni

Hili ndilo litakalokupata Nairobi, hasa Januari na Februari. Tunajidanganya kwamba jiji letu lina baridi. Tuko mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya miezi hiyo ni kavu, jua la mchana ni kali, na ghorofa ya tano kuna upepo ambao chini huusikii. Zege lililomwagwa saa tano asubuhi linapoteza maji kutoka juu kwa kasi, na jasho la kuyafidia halipo. Ngozi inajikunja kabla zege halijapata nguvu ya kuizuia.

Onyo linalotumika kwa zege la kawaida ni uvukizi wa lita moja kwa kila mita ya mraba kwa saa. Kwa zege la mikrosilika, hesabu nusu ya hapo kuwa tayari ni hatari.

Nyufa zenyewe zinasomeka. Zikiwa fupi, zimekaa sambamba, mara nyingi kimshazari, hazifiki ukingoni, na zimetokea ndani ya saa chache, basi ni upepo na jua. Zikifuata vyuma kama zimechorwa kwa rula, zege limeshuka na vyuma vikabaki. Angalia kina cha vyuma na jinsi ulivyopiga vaibreta. Zikiwa kama utando wa buibui, nyembamba, za juu tu, ni ile niru niliyoisema. Na ufa mmoja mrefu unaokata slabu nzima baada ya siku mbili tatu ni habari nyingine: zege limepoa au limejinywea maji yake lenyewe huku limeshikwa pande zote. Huu wa mwisho hupenda mchanganyiko wenye maji kidogo sana na mikrosilika nyingi. Ukiwa chini ya uwiano wa 0.40, ujue saruji itanyonya maji kutoka ndani hata ukiwa umefunika juu, kwa hiyo nailoni peke yake haitoshi. Linahitaji maji ya nje, na mapema.

Februari moja tulimwaga slabu kule Embakasi. Gunia zilikuwepo, nailoni ilikuwepo, zote zimekunjwa vizuri kwenye stoo. Saa tisa alasiri injinia alikuja na kuhesabu nyufa kwa kalamu ya rangi mpaka kalamu ikakauka. Kosa lilikuwa langu: nilipanga kufunika baada ya chakula cha mchana. Slabu iliyofuata tulianza kumwaga saa tisa, upepo ukielekea kutulia, tukatundika gunia upande wa upepo, tukalowesha fomu na vyuma kabla, na kijana mmoja hakuwa na kazi nyingine ila pampu ya ukungu. Unga uleule, saruji ileile. Hatukupata ufa.

Ukiukuta ufa zege likiwa bado bichi, likikubali vaibreta au kusuguliwa upya, ufunge kwa kulitikisa tena, si kwa kupaka saruji juu. Likishashika, acha. Pima upana, andika, na umwachie injinia aamue kama utajazwa.

Baada ya hapo lilowe siku saba bila kukatika. Kumwagilia asubuhi na jioni huku mchana linakauka si kulilowesha, ni kulichezea.

Kyubu zinavunjika chini ya ulichoahidiwa

Barua ya maabara imefika, na kila mtu anatazama mfuko wa mikrosilika. Mimi hutazama mfuko wa saruji.

Mikrosilika inahitaji chokaa inayoachwa na saruji. Sasa soma herufi kwenye mfuko ulionunua dukani. Ikiandikwa CEM IV/B, kati ya asilimia 36 na 55 ya kilicho ndani ni pozolana, yaani tayari kuna unga mwingine unaogombea chokaa hiyohiyo, na klinka, kiini cha saruji kinachoitoa, imepungua. Ukiongeza mikrosilika hapo, umealika mgeni wa pili kwenye sahani ya mtu mmoja. Utapata faida kidogo ya kujaza nafasi, lakini ile nguvu uliyosoma kwenye karatasi ya muuzaji haitakuja, kwa sababu karatasi hiyo ilipimwa kwa saruji tupu. Tumia CEM I, ambayo ni karibu klinka tupu, ya daraja la nguvu la 42.5, au ukikosa, CEM II/A ya 42.5. Saruji ya 32.5 ni nzuri kwa kujengea mawe na kupiga plasta; kuichanganya na mikrosilika ni kununua viatu vya mbio na kumvisha mtu mwenye mguu uliovunjika. Kwa maoni yangu, nusu ya malalamiko ya kyubu mjini hapa yangeisha kama watu wangesoma mfuko.

Kama saruji iko sawa, pima uzito wa kyubu kabla haijavunjwa. Kyubu ya milimita 150 iliyoshindiliwa vizuri huwa na kilo 8 hivi. Ikiwa na 7.6, ndani kuna hewa: zege lilinata na kijana wa maabara akalipiga fimbo zilezile chache alizozoea. Uzito ukiwa mzuri na nguvu bado iko chini, rudi kwenye maji na vidonge.

Kisha uliza kyubu zililala wapi. Nimezikuta zikiota jua juu ya rundo la mawe siku tano, halafu zikapelekwa maabara. Hizo hazipimi zege lako, zinapima jua. Julai nayo ina yake: usiku hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, na kazi ya mikrosilika hupungua kasi kwenye baridi. Matokeo ya siku ya saba yakiwa chini kidogo mwezi huo, usibomoe kitu. Mchango wake mkubwa huja kati ya siku ya tatu na ya 28, na kwenye baridi huchelewa. Ngoja ya 28.

Ukiwa na shaka na unga wenyewe, omba cheti cha shehena. Silika isipungue asilimia 85. Muuzaji anayekupa hadithi badala ya karatasi, mwachie mzigo wake.

Mambo mawili madogo. Zege likitoka la kijivu iliyokolea kuliko la jirani, ni kaboni iliyomo kwenye unga. Si ugonjwa, hupauka kadiri siku zinavyopita, ila usichanganye mifuko ya shehena mbili kwenye ukuta mmoja unaoonekana. Na vumbi lake, ingawa si ile silika ya mawe inayoharibu mapafu ya wachimba kware, bado linaingia puani kama moshi. Barakoa ya kuchuja vumbi, si leso.

Tanki bado linavuja

Huyu huja na hasira kuliko wote, kwa sababu aliambiwa mikrosilika "inazuia maji". Inazuia maji kupenya ndani ya zege. Haizuii maji kupita mahali ambapo hakuna zege: kwenye kiungo cha jana na leo, kwenye mashimo kama sega la nyuki karibu na bomba, kwenye matundu ya nyaya zilizoshika fomu.

Usianze kupaka kitu. Jaza tanki, chora mstari wa penseli kwenye usawa wa maji, ngoja, na uweke alama ya chaki kila panapolowa nje. Kama ukuta mzima unatoka unyevu sawasawa, hapo ndipo una haki ya kuliuliza zege lenyewe: maji mengi, vidonge, au halikuloweshwa. Lakini nadra kuona hivyo. Tanki moja la Kasarani lilikuwa na madoa 14, na yote 14 yalikaa kwa safu mbili zilizonyooka, kimo kimoja, umbali mmoja. Hayo yalikuwa matundu ya nyaya za fomu, yamezibwa kwa mota ya kawaida kwa kidole gumba. Tuliyachimba sentimita tatu kwenda ndani, tukayaziba kwa mota isiyosinyaa, tukalowesha wiki moja, tukajaza tena na kufunika juu. Siku ya tatu maji yalikuwa bado kwenye mstari.